Kwa Nini Wifi Hakula Maharage

Mimi nauza mboga za majani. Kila asubuhi naketi uani kwenye kigoda, nafunga mchicha mafungu mafungu, natoa majani ya manjano, nanyunyiza maji. Nyumba yetu haikosi mboga hata siku moja. Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mke wa kaka yako anatoka jikoni, anapita mbele ya mboga zako zote, mkononi ana vipande vinne vya mkate mweupe na chupa ya chai yenye sukari tele. Mimi nilikasirika. Nilikasirika hivyo kwa miaka sita.

"Wifi," namwambia, "chukua basi mboga kidogo, zimebaki za jana."

"Acha tu, wifi. Mboga zitaniletea balaa kazini."

"Mboga zinaleta balaa siku hizi?"

"Wewe hujui." Anacheka, anajifunga kitambaa kichwani, huyo anakwenda.

Wifi ni mshonaji. Anafanya kazi katika kiwanda cha mashati, si mbali na kwetu. Yeye anashona kola tu, kutwa kucha ni kola. Ana mkono mwepesi, na wenzake wanamheshimu kwa hilo. Nikajiambia, basi anaringa. Ameona mashati ya watu wakubwa, mboga za wifi yake hazina hadhi tena.

Jambo moja lilinishangaza. Jumamosi jioni wifi alikula maharage sahani mbili, tena kwa haraka kama mtu aliyetoka jela. Jumapili jioni hakugusa hata kijiko. Nilimuuliza kama maharage yana siku zake.

"Kwangu yana siku," alinijibu.

Nilisonya nikaondoa sahani. Ningemuuliza zaidi, mambo mengine yasingefika yalikofika. Lakini mimi nikikasirika huwa siulizi, nanuna. Hilo ni kosa langu na nalisema wazi.

Tumbo la wifi lilikuwa linamsumbua. Hilo tulilijua wote. Alikaa siku tatu, siku nne, bila kupata choo. Tumbo linajaa gesi, linakuwa gumu kama ngoma. Akichoka anakwenda kwa muuza dawa wa kona, ananunua kapsuli mbili za rangi mbili. "Za kusafisha tumbo," muuza dawa alimwambia. Hakumuuliza anaumwa nini, wala hakumdai karatasi ya daktari. Wifi akimeza, anaharisha siku moja. Kisha choo kinafunga tena, vibaya kuliko mwanzo.

Siku moja jioni niliingia jikoni kuchukua ndoo. Nikamkuta wifi amesimama karibu na jiko. Amefungua kapsuli katikati, na unga wake anaumwagia kwenye kikombe cha chai cha mtoto. Binti yao ana miaka saba.

"Unafanya nini?"

"Leo siku ya nne hajapata choo. Namsafisha tumbo, nusu tu."

"Nani kakuambia umpe hiyo?"

"Mimi mwenyewe ndiyo ninayotumia. Kuna ubaya gani?"

Damu ilinichemka. Nilikinyakua kile kikombe nikamwaga chai yote kwenye beseni la vyombo. Mtoto akaangua kilio. Hakulilia dawa, alililia chai yake.

"Usinifundishe kumlea mwanangu," wifi akasema.

"Nitakufundisha. Tena nikikumaliza wewe, namfuata muuza dawa."

Nikaichukua karatasi ya kapsuli, nikamshika wifi mkono. Tukatoka hivyo hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, mtoto katikati analia, hadi mlango wa jirani.

Jirani yetu anafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya. Anapima damu, mkojo na choo. Mtaa mzima unamwita Mama Kikopo, maana ukimwambia tumbo linauma, jibu lake ni moja: chukua kikopo hiki, kesho ukilete. Watu wanamtania, na yeye anawatania zaidi. Jioni ile alikuwa anakunja nguo zake.

"Shikamoo, mama," wifi alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mbona mmekuja kama mnapelekana polisi?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, na pengine nilitia chumvi kidogo, kwa hasira. Mama Kikopo hakucheka. Aliichukua ile karatasi ya kapsuli, akaisoma, akaiweka mezani.

"Hii ni antibiotiki," akasema. "Ni dawa ya kuua bakteria. Daktari akikupima, akakuandikia, ukaimaliza dozi, inaokoa maisha. Haifungui choo. Na mtoto hapewi dawa kwa kukisia, hata robo."

"Muuza dawa amesema inasafisha tumbo," wifi akajitetea.

"Inasafisha nini? Tumbo si sufuria. Kaa, mwanangu."

Wifi akakaa. Mimi nilibaki nimesimama, bado napumua kwa nguvu.

"Ndani ya utumbo wako mpana," Mama Kikopo alianza, "wanaishi bakteria. Ni viumbe wadogo sana, huwezi kuwaona kwa macho. Mimi nawaona kwa hadubini. Walio tumboni mwako peke yako ni wengi kuliko watu wote duniani, tena mara maelfu."

Wifi alishika tumbo lake. "Wadudu wote hao? Mbona unanitisha?"

"Usitishike. Wengi wao ni wema kwako. Kuna sehemu ya chakula ambayo mwili wako hauwezi kuisaga. Tunaiita nyuzinyuzi. Imo kwenye mboga, maharage, matunda, na unga ambao haukukobolewa. Nyuzinyuzi zikifika chini, wale bakteria wanazila. Wakila, wanatoa vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo wako. Wanatengeneza vitamini kadhaa. Wanajaza nafasi, wadudu wabaya wakija wanakosa pa kukaa. Na zile nyuzinyuzi zinashika maji, ndiyo maana choo kinakuwa laini."

"Nyuzi mimi nashinda nazo kutwa," wifi akasema. Alijaribu kucheka.

"Za kushonea haziliwi. Sasa niambie, unakula nini?"

"Mkate. Chai. Yai, nikipata. Biskuti."

"Mkate mweupe?"

"Mweupe."

"Huo unasagwa wote na kuisha huko juu. Kwa wale wa chini hakifiki kitu. Unakula wewe, wao wanalala njaa."

"Kwa hiyo nimewashindisha njaa?"

"Ndiyo. Halafu wakiwa na njaa, unawamwagia dawa ya kuwaua. Dawa hii haichagui. Inaua wabaya, na wazuri pia. Ukiona mende mmoja jikoni, unamwaga mafuta ya taa kwenye vyungu vyote? Ndicho unachofanya. Zaidi ya hapo, ukimeza moja leo, mbili wiki ijayo, bakteria wabaya wanaizoea. Siku utakayougua kweli, dawa itashindwa."

Mtoto alikuwa ameacha kulia, anachezea vifungo vya nguo zilizokunjwa.

"Nikuulize bila kuzunguka," Mama Kikopo akaendelea. "Choo kinatoka na damu?"

Wifi aliangalia sakafu.

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

Tunakaa nyumba moja, tunapika jiko moja, na sikujua. Nilikuwa nimeshughulika kununa.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari," Mama Kikopo alisema. "Mimi ni mpimaji tu. Damu haisubiri. Mtoto naye aje aonwe. Na kuanzia sasa mtakula mboga, maharage, matunda, na kunywa maji ya kutosha. Choo kikikuita, nenda. Usikibane hata kidogo."

Hapo wifi akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mikono imefunika uso.

"Mnanifundisha wote," akasema. "Mnadhani sipendi mboga? Mnadhani sijui utamu wa maharage? Nikila hayo saa moja, saa nne nitataka choo. Na choo cha kiwandani kina kufuli. Ufunguo anao msimamizi, anauvaa shingoni. Tunaruhusiwa mara mbili tu kwa siku, dakika sita. Ukiomba mara ya tatu unaandikwa. Mwaka jana mwenzetu aliandikwa mara nne, wakamfukuza. Siku ya kwanza nilipoingia pale, wenzangu walinifundisha kuvisha sindano uzi, kisha wakanifundisha nisile nini. Mkate unakaa tumboni, walisema. Maharage hayakai. Maji tunakunywa tukifika nyumbani."

"Wote?" nikamuuliza.

"Wanawake arobaini. Wote."

Miaka sita nilimwona mwenye maringo, kumbe amefungiwa choo. Niliona aibu. Kisha aibu ile ikaondoka, ikaja hasira nyingine. Hii haikuwa ya wifi wala ya mkate. Mtu mzima, mama wa mtoto, anaomba ruhusa ya kwenda haja, na anapimiwa dakika. Nani alikaa akafikiri jambo hili, akaona ni jema?

Kesho yake daktari alimpima. Alisema ngozi ya njia ya haja imechanika kwa sababu ya choo kigumu na kubana muda mrefu. Alimpa dawa ya kupaka. Akamwambia kapsuli basi. Akamwambia pia, bila kumung'unya maneno, kwamba akiendelea kubana choo, kidonda kitakataa kupona, na mwisho atapasuliwa. Aliyaandika hayo kwenye karatasi, akaigonga muhuri. Mtoto hakuwa na ugonjwa. Alikuwa anakula mkate wa mama yake tu.

Wifi alirudi na karatasi ile, akaiweka chini ya godoro.

"Hutampa msimamizi?"

"Nikimpa, ataniambia nikapumzike nyumbani moja kwa moja. Kaka yako anapaka rangi leo, kesho hakuna nyumba ya kupakwa. Nikikosa hizi kola tutakula nini?"

Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akila vizuri anapoteza kazi, akilinda kazi anachanika.

Tukaanza na kilichowezekana. Mama Kikopo alituonya tusivamie. "Tumbo lililozoea mkate, ukilijaza maharage kwa siku moja, litakuletea gesi mpaka ukose usingizi. Ongezeni kidogo kidogo." Niliyaloweka maharage tangu jioni, nikamwaga yale maji, nikayapika yakalainika kabisa. Wiki ya kwanza wifi alikula vijiko vitatu. Mchicha kidogo. Papai asubuhi. Mkate mweupe tuliuacha, tukanunua unga ambao haukukobolewa. Mara nyingine tulipata maziwa ya mgando, ambayo nayo yana bakteria wazuri. Mtoto alinuna siku mbili, kisha akazoea. Baada ya wiki mbili alikuwa anakwenda chooni mwenyewe na kurudi anaimba.

Kazini, wifi alipiga moyo konde. Alibeba maji. Alibeba chakula kwenye bakuli lenye kifuniko. Saa ya kula alipolifungua, wenzake walirudi nyuma kana kwamba amekuja na nyoka.

"Maharage? Jumatatu?" mmoja akamwambia. "Umechoka na kazi?"

Wifi akawaeleza yote aliyoyasikia. Hakuwaficha hata habari ya damu. Mmoja akasema, "Mimi pia." Mwingine akasema, "Mimi nina bawasiri, mwaka wa pili sasa." Wa tatu alitoa kapsuli za rangi mbili kwenye mkoba wake, zile zile za kwetu. Kila mmoja alikuwa amebeba ugonjwa wake peke yake, akidhani ni tumbo lake tu lililo bovu.

Mara mbili Mama Kikopo alikwenda kwenye geti la kiwanda saa ya kula. Aliwaeleza kama alivyotueleza sisi. Aliwaambia wenye damu waende kwa daktari, na wote waongeze mboga na maji polepole. Hakuna aliyetaja mgomo. Ninasema hivi kwa sababu baadaye kuna watu walidai eti walikula njama. Walikula maharage.

Wiki ya nne, matumbo yao yakaanza kufanya kazi yake. Haya yaliyofuata nilisimuliwa na wifi jioni yake, na wenzake wakanisimulia vile vile.

Sheria ya kiwanda inasema hivi: ukitaka ufunguo, zima mashine, inua mkono, subiri. Asubuhi hiyo saa nne wifi alizima mashine akainua mkono. Mwenzake wa kushoto akainua. Wa nyuma yake naye akainua. Msimamizi, ambaye wanawake walimwita Dakika kwa sababu ya saa yake, alimpa wa kwanza ufunguo. Kabla hajarudi, mikono kumi na miwili ilikuwa juu. Mashine kumi na mbili zilikuwa kimya, na zote za kola. Shati bila kola haliendi popote. Mashine za mbele zikaishiwa kazi, nazo zikanyamaza.

Mwenye kiwanda alisikia ule ukimya huko juu ofisini. Akateremka ngazi.

"Kuna nini hapa?"

"Wanaomba choo, bosi," Dakika akasema.

"Wote? Kwa nini?"

"Wamebadilisha chakula. Wanakula maharage na mboga."

"Basi waache maharage. Hapa ni mahali pa kazi."

Wifi yangu, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumjibu mtu pale, alisimama. Alitoa ile karatasi ya daktari kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Kumbe siku zote hizo alikuwa anatembea nayo.

"Bosi, soma hii," akasema. "Nimechanika kwa ajili ya kufuli lako. Nilikula mkate miaka sita ili kola zako zisichelewe. Mwanangu nimemlisha mkate ule ule. Ukitaka niondoke, nitaondoka. Lakini nikiwa hapa nitakula chakula, na nikibanwa nitakwenda chooni."

Yule bwana alisoma. Akakohoa. "Hawa wanakwenda kupiga soga huko chooni," akamwambia Dakika. "Ndiyo maana tuliweka kufuli. Mbona wewe unaweza? Wewe unakwenda mara ngapi?"

Dakika aliushika ufunguo, uliokuwa umesharudi shingoni mwake.

"Siendi, bosi," akasema. "Nikiondoka, nani atashika ufunguo? Mimi sili mpaka jioni. Nameza dawa za kulainisha choo kila Jumamosi."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walimtazama Dakika, wakamwona kama vile ameingia siku ile.

Mwenye kiwanda alizunguka mara moja kati ya mashine zile kimya. Mashati yalikuwa yanasubiriwa na mnunuzi wiki ile ile, hilo lilijulikana. Mwishowe akasema, "Haya, kufuli liondolewe. Lakini nitaangalia." Akapanda ngazi kurudi ofisini, ambako ana choo chake peke yake, na hakuna anayemhesabia dakika.

Ati ataangalia. Aangalie nini, jamani? Nilipolisikia neno hilo nilitaka kwenda mwenyewe hadi kwenye ngazi zile. Wifi alinikalisha.

"Wifi, kufuli limetoka," akaniambia. "Leo nimekwenda mara tatu."

Sasa ni miezi minne. Kidonda cha wifi kimepona, daktari amethibitisha. Anapata choo kila siku, bila kapsuli, bila machozi. Kiwandani kuna pipa la maji safi lenye bomba, wanawake walilinunua kwa kuchangiana. Anayetaka choo anakwenda, anarudi, anashona. Kola hazijapungua. Muuza dawa wa kona nilimfuata kama nilivyoahidi. Nilimwambia mbele ya wateja wake dawa gani anamuuzia nani bila karatasi, na Mama Kikopo akapeleka taarifa kituo cha afya. Siku hizi anadai karatasi.

Juzi Dakika alikuja gengeni kwangu. Sikuwa nimewahi kumwona, alijitambulisha mwenyewe. Ni mwanamke mwembamba, wa umri wangu. Aliuliza maharage yanalowekwa muda gani ili yasimjaze gesi. Nilimweleza kila kitu, nikamwambia aanze na vijiko vitatu. Aliyarudia maneno yangu polepole, kama mtoto anayekariri. Nikamfungia mchicha mafungu mawili.

"Una hasira na mimi?" akaniuliza.

Nilifikiri. Nilikuwa nayo, tena nyingi, nimeilea miezi mingi nikimsubiri.

"Na wewe sina tena," nikamwambia. "Wewe walikufunga ufunguo shingoni. Aliyekufunga ndiye bado nina hasira naye."